Vijikombe vya Zizi la Nyasura

Mwisenge, Musoma
6 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na ya mama umfikishie. Mimi ni mzima, kile kifua kilichonisumbua Januari kimepona, namshukuru Mungu. Sijui nyinyi huko Nyasura. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe je? Nasikia Bunda mvua imeanza vizuri. Huku Musoma inanyesha inapojisikia.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu yako hukatika kabla hatujamaliza salamu, na jambo lenyewe linahitaji maelezo. Ile kazi ya mtaa wa Kamunyonge nimeipata! Ni mkataba wa miezi sita, nikifanya vizuri wataniongeza. Mahali penyewe panaitwa hebaria. Ni ghala la mimea na uyoga, vyote vimekaushwa na kuwekwa kwenye bahasha, na kila bahasha ina lebo inayosema kitu kimeokotwa wapi, lini, kilikuwa kimeota juu ya nini, na nani aliyekiokota. Kazi yangu ni kuokota, kukausha na kuandika.

Mwaka huu tunakusanya uyoga mdogo sana wenye umbo la kikombe. Mkubwa wake ni kama kifungo cha shati, mdogo ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikiwa mtoto, nikitoa samadi wakati wa masika, nilikuwa naviona vijikombe vya namna hiyo zizini kwetu, juu ya mavi ya ng'ombe yaliyokaa siku chache. Naomba uniangalizie, baba. Ukivipata uvikaushe taratibu kivulini, sio juani, uvifunge kwenye gazeti na uandike tarehe, mahali na jina lako. Mpe Lameck, kondakta wa basi la asubuhi, ananifahamu.

Mwanao,
Ghati


Nyasura, Bunda
17 Machi 2024

Mama yangu Ghati,

Marahaba, na ya mama yako pia pokea. Sisi wazima. Goti linatangaza mvua kabla ya redio, kwa hiyo nimeliacha lifanye kazi yake. Ng'ombe wote kumi na wanne wapo, na yule mweusi anakaribia kuzaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako alisikie hilo neno hebaria. Amesema linafaa kuwa jina la mjukuu. Sijui kama ulikuwa ujumbe kwako, mimi simo.

Sasa kazi. Jumatano baada ya mvua niliingia zizini na miwani yangu ya kusomea Biblia, nikapiga magoti. Vipo! Vina rangi ya manjano yenye ukijani, na juu yake vidoa vyeusi kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga. Miaka arobaini navikanyaga na sijawahi kuviona. Nilikuwa bado nimeinama hivyo jirani yetu Mwandu akapita na baiskeli yake. Akasimama. "Mzee Magige, unatafutaga nini humo? Umedondosha jino?" Nikamwambia natafuta kazi ya serikali.

Nimekutumia kumi na moja. Usiwe na wasiwasi, nimevikwangua mavi yote kwa kisu na kuviosha kwa maji ya vuguvugu, maana kitu kinachokwenda ofisini hakiendi na mavi. Hata wewe hukuwahi kwenda shule na miguu michafu ukitoka kwangu.

Kwenye gazeti nimeandika: Nyasura, Bunda, zizi la Magige Mwita. Je, ndivyo itakavyoandikwa kwenye hiyo lebo? Na lebo inakaa miaka mingapi? Unijibu hilo kwanza.

Baba yako,
Magige


Mwisenge, Musoma
26 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mweusi amezaa salama. Mimi naendelea vizuri, uchovu tu.

Baba, umeviosha! Nilipofungua gazeti nilicheka hadi machozi. Kosa ni langu, sikueleza. Kwetu sisi kile kitu uyoga ulichoota juu yake ni nusu ya habari yenyewe. Tunaukata pamoja na kipande chake, uwe mti, udongo au hayo mavi uliyoyaonea haya. Kumi viliharibika. Kimoja kilinusurika na kisu chako, na hicho nilikiweka chini ya hadubini. Mbegu zake ni za zambarau, baba. Nzuri kama kitenge cha mama cha Krismasi. Bi Helena, mkuu wetu, aliita watu wote waje waone.

Umeuliza lebo inakaa miaka mingapi. Zipo za miaka zaidi ya mia na bado zinasomeka. Hiyo ya kwako imeshaandikwa na bahasha iko kabatini, usiwe na mashaka nayo.

Kazini si kubaya. Kabla ya gazeti lako kufika nilikuwa nimekaa siku tano Butiama, nikipanda na kushuka vile vilima, na nikarudi na bahasha tupu. Wenzangu walinitania sana. Prosper, anayekaa meza ya pili, alilinusa gazeti lako akaniuliza kama nimeletewa chakula cha mchana kutoka kwetu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Salamu kwa mama.

Mwanao,
Ghati


Nyasura, Bunda
14 Aprili 2024

Mama yangu Ghati,

Marahaba. Mweusi amezaa jike, tumemshukuru Mungu. Mama yako alikuwa na malaria, sasa yuko juani anachambua mboga na kunigombeza, kwa hiyo amepona.

Nina habari. Huyu Mwandu alikuwa ameeneza maneno. Kule kwenye mashine ya kusaga nilianza kuitwa Mzee wa Mavi. Mwingine akaenda mbali zaidi, akasema mtu anayeokota vitu kwenye mavi ya ng'ombe alfajiri ana shughuli na mganga. Mimi, mzee wa kanisa! Leo mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, nikasimama. Nikasema binti yangu anafanya kazi Musoma, na kwamba kitu kilichotoka zizini kwangu kimewekwa kwenye kabati, na Nyasura imeandikwa pale, na wajukuu wa wajukuu wa hawa wanaonicheka wataisoma. Ghati, walipiga makofi. Mwandu naye alipiga. Wamekuombea kwa jina.

Nakutumia vingine ishirini, safari hii na mavi yake, kama ulivyosema.

Nataka kuja kuiona hiyo lebo kwa macho yangu. Nipangie siku. Nitavaa koti.

Baba yako,
Magige


Mwisenge, Musoma
22 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mama, nimefurahi kusikia amepona.

Kuhusu kuja, naomba tusubiri kidogo. Ofisi inapakwa rangi na makabati yamefunikwa, hutaona kitu. Halafu kuna wageni wanatarajiwa, sitakuwa na nafasi ya kukupokea. Nitakuambia.

Na ule mzigo wa pili, baba, usitume tena. Ulifika unanuka na Lameck aliulalamikia mbele ya abiria. Vya kwanza vinatosha.

Pia ningeomba mambo ya kazi yangu usiyaseme sana kanisani.

Ghati


Mwisenge, Musoma
16 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo, baba. Sijui kama utaniitikia. Sitauliza habari za goti wala za ng'ombe, maana sina uso wa kuuliza.

Prosper ameniambia kwamba juzi Jumanne ulikuja. Amesema alifika mzee mmoja mwenye koti la kijivu, akajitambulisha kuwa ni baba yake Ghati kutoka Nyasura, akaomba aone kitu chake. Prosper hakujua lolote. Alikukaribisha, akakufungulia kabati, akakupa bahasha mkononi. Amesema ulivaa miwani ukasoma. Ukauliza Butiama imeingiaje hapo. Ukauliza huyo G. ni nani. Halafu ukamrudishia bahasha kwa mikono miwili, ukamshukuru, ukaondoka bila kunywa hata maji.

Siku hiyo nilikuwa Butiama. Acha nikuambie nilikuwa nafanya nini, kisha unihukumu.

Ile karatasi yako ya kwanza ilipofika, nilikuwa na wiki moja tangu nirudi kutoka vilimani na mikono mitupu. Bi Helena alikuwa ameniambia, si kwa ubaya, kwamba mkataba hauongezwi kwa mtu asiyeona. Kile kijikombe kilipoonekana ni kizuri, aliniuliza mbele ya wote, "Ghati, hiki umekitoa wapi?" Prosper alikuwa ameshafanya utani wake wa chakula cha mchana. Kijikombe kilikuwa safi, hakina chembe ya mavi, ungekiweka popote. Nikasema Butiama. Nikasema kwenye gogo lililooza. Nikaandika hivyo kwenye lebo, na kwenye nafasi ya aliyeokota nikaandika G. Magige. Gazeti lenye mwandiko wako nililichoma jikoni.

Niliona aibu, baba. Si kwa sababu ya kusema uongo, hiyo ilikuja baadaye. Niliona aibu kusema kwetu, zizini, kwenye mavi, baba yangu akiwa amepiga magoti. Nimesoma hadi chuo na kitu pekee cha maana nilichopeleka kazini kimetoka mahali nilipokuwa natoa samadi na ndoo. Nilitaka kitoke kwingine.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi Butiama. Kumbe jamii ile ya uyoga hukaa zaidi kwenye kinyesi, na kuikuta kwenye mti ni habari ya kushangaza. Ule uongo wangu ndio uliofanya kitu chako kiwe kikubwa. Bi Helena akawaandikia wataalamu wengine. Wakaomba tupate vingine kutoka gogo lile lile. Kwa hiyo Jumanne, wakati wewe umesimama Kamunyonge na miwani yako, mimi nilikuwa kilimani na Bi Helena, mama wa watu mwenye miaka hamsini na nane, tunageuza magogo. Alikuwa anahema. Kila gogo aliniuliza, "Ni hili?" nami nikasema labda lile kule. Tuligeuza magogo tangu saa mbili hadi saa kumi, na mimi nilijua.

Niliporudi nikakuta kifurushi ulichokiacha mezani kwangu. Vijikombe sita, kila kimoja na kipande chake, vimekaushwa vizuri kuliko ninavyokausha mimi.

Nisamehe, baba.

Ghati


Mwisenge, Musoma
11 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimepiga simu mara nyingi. Mama anapokea, ananiambia uko zizini. Jana saa mbili usiku pia ulikuwa zizini. Nimeelewa. Lakini nitaandika, kwa kuwa barua huwezi kuikata.

Nimemwambia Bi Helena. Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Na ulinitazama nikipanda kile kilima." Basi. Ningependelea anipige makofi.

Kesho yake aliwaandikia wale wataalamu kwamba taarifa ya gogo si ya kweli. Alinifanya nikae pembeni yake akiandika, na jina langu limo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane na hautaongezwa. Prosper amekuwa mpole kwangu, jambo linaloniumiza zaidi ya utani. Ameniambia kwao Mugumu wana ng'ombe thelathini, na kwamba alinusa gazeti lile kwa sababu lilimkumbusha nyumbani. Nililichoma gazeti lako kwa kuwaogopa watu ambao hawakuwa wananicheka, baba.

Sasa nina ombi moja. Hebaria hatufuti. Lebo ikishawekwa haitolewi wala haikwanguliwi, hata ikiwa na makosa. Unachoruhusiwa ni kuandika karatasi nyingine ndogo, unaweka tarehe na jina lako, unaibandika chini ya ile ya kwanza. Kwa hiyo Butiama itabaki pale. Atakayefungua bahasha ile miaka mia ijayo ataona kwanza uongo wangu, halafu ataona masahihisho. Hakuna namna ya kuuondoa, nimeuliza.

Bi Helena ameniachia niandike masahihisho mwenyewe. Nataka niandike: Nyasura, Bunda, juu ya kinyesi cha ng'ombe, ndani ya zizi. Na aliyeokota ni wewe. Lakini jina lako sitaliandika bila ruhusa yako, maana litakaa karatasi moja na uongo. Niambie liandikwe vipi, au lisiandikwe. Nitasubiri.

Ghati


Nyasura, Bunda
4 Julai 2024

Ghati,

Marahaba. Mama yako hajambo, ng'ombe hawajambo, jua limeanza kuwa kali na vijikombe vyenyewe vimekwisha hadi mvua nyingine.

Barua zako zote mbili nilizipata. Sikuwa na hasira kama unavyodhani. Ingekuwa hasira ningekuja kukusemea uso kwa uso, tungemaliza. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu haandiki barua.

Kwanza nikwambie kilichoniuma. Si Butiama. Ni yule kijana Prosper. Niliposhusha ile bahasha aliutazama uso wangu, halafu akanivutia kiti. Mtoto wa watu, hanijui, ananionea huruma. Nimezika wazazi wangu na wanangu wawili na sikuwahi kuvutiwa kiti namna ile. Nilitembea kwa miguu kutoka Kamunyonge hadi stendi ili nipate mahali pa kuuweka uso wangu.

Sasa sikia sehemu yangu, ambayo hata mama yako hajaijua. Niliposhuka Bunda, Mwandu alikuwa pale, alijua nilikokwenda. Akaniuliza, "Mzee, umeiona?" Nikasema nimeiona. Akauliza, "Nyasura imeandikwa kweli?" Ghati, ningeweza kusema jina la Magige lipo, na usingekuwa uongo. Lakini niliulizwa Nyasura. Nikasema ipo, kwa herufi kubwa. Nikaona haitoshi, nikaongeza muhuri. Nilimchorea na muhuri wenyewe kwa kidole kwenye tandiko la baiskeli, twiga hapa, twiga pale. Jumapili iliyofuata mchungaji akanisimamisha, nikayarudia mbele ya kanisa zima. Tangu hapo hakuna aliyeniita Mzee wa Mavi. Vijana wawili wamekuja kuniuliza kama na mazizi yao yanaweza kuandikwa. Mwandu amefagia lake.

Kwa hiyo wewe uliona aibu ya zizi langu ukadanganya ofisini, na mimi nikaona aibu yako nikadanganya madhabahuni. Yangu ni kubwa. Wewe ulidanganya bosi.

Watu husema mavi ya kale hayanuki. Mimi nimefuga miaka arobaini, nakwambia hayanuki mpaka yanyeshewe. Sitaki kusubiri mvua.

Usidhani barua hii ni msamaha. Bado. Nikifikiria ulivyolichoma lile gazeti, naiweka barua yako chini na kwenda zizini, na sijui nitafanya hivyo hadi lini. Lakini kwenye karatasi yako andika jina langu lote, Magige Mwita Ryoba, na uandike mavi kwa jina lolote mnaloliita huko. Litakaa na uongo, najua. Hata kwenye kitabu cha kanisa jina langu liko kwenye ukurasa mmoja na watu wa ajabu.

Nimemwomba mchungaji dakika tano, Jumapili ya tarehe 14, baada ya matangazo. Nitawaambia kwamba sikuiona Nyasura, wala muhuri. Wataniuliza kwa nini basi haikuandikwa, na huo muda wote nilikuwa naficha nini. Swali hilo, jibu lake unalo wewe.

Ibada inaanza saa tatu. Mama yako atakuwekea nafasi benchi la mbele. Mimi nitasimama, ukiwepo au usipokuwepo.

Baba yako,
Magige